Uliza Fundi: Shaba inapasuka yenyewe stoo, nimerogwa au nimeuziwa feki?

Shikamoo fundi. Mi niko Kibirizi, Kigoma, natengeneza na kukarabati karabai, najua wavuvi wengi sa hivi wamehamia taa za betri na sola ila wateja bado ninao. Vitako vya tangi nakata shiti ya brasi (shaba ya njano) afu nabonyeza kwenye dai, yani kalibu, kwa presi ya mkono, vinatoka safi vinang'aa. Naviweka stoo ya uani, kati ya banda la kuku na magunia ya dagaa ya mama watoto. Wiki mbili tatu baadae nakuta vingine vina ufa kuanzia mdomoni unashuka chini, na hakuna mtu kavigusa! Shiti ni ileile, presi ileile. Jirani anasema nimeuziwa feki. Kweli?

Marahaba kaka. Shiti yako haina kosa, na aliyekuuzia kama ulishamtukana kamuombe radhi. Jibu umelitaja mwenyewe ukapita, ni hilo banda la kuku.

Iko hivi. Brasi ni kopa (shaba nyekundu) iliyochanganywa na zinki, hiyo ya kubonyeza mara nyingi ni kama kopa 70 zinki 30. Ukiibonyeza ikiwa baridi inakuwa ngumu, sawa, hiyo unaijua mkononi, ila kuna kitu cha pili hukioni, ndani yake inabaki na mkazo, yani kikombe kimetulia pale mezani lakini mdomo wake unataka kufunguka urudi ulikotoka na ukuta unauzuia, wanavutana hivyo usiku na mchana. Sasa mlete amonia, ile harufu ya mavi ya kuku inayokuchoma macho asubuhi ukifungua banda, na unyevu wa ziwani. Amonia inaila brasi kwenye mipaka ya chembe zake na mkazo unamalizia kuchana. Dagaa wakianza kuchacha nao wanatoa hewa za jamaa hiyohiyo. Kopa tupu haisumbuki hivi, ila zinki ikizidi kama asilimia 15 ujue uko kwenye hatari.

Na usione aibu, jeshi la Waingereza kule India lilipigwa chenga hivyohivyo karne ya 19. Walikuwa wanahifadhi risasi kwenye mazizi ya farasi, mvua za masika zikifika maganda yanapasuka yenyewe, wakawa wanausingizia msimu, mpaka mwaka 1921 ndo ikaelezwa vizuri kwamba ni amonia ya mkojo wa farasi pamoja na mkazo uliobaki ndani ya ganda. Farasi kule, kuku kwako.

Dawa ni moto, ila moto uko wa aina mbili na mafundi wengi wanauchanganya hapa.

Wa kwanza ni wa kulainisha, huu unautumia katikati ya kazi, kikombe kikigoma kuendelea kubonyea unakipasha hadi wekundu wa mbali unaouona ukiwa kivulini tu, tuseme digrii 450 mpaka 600, chembe zinajipanga upya na brasi inarudi kuwa mtiifu. Usipitilize ukasema ngoja iive vizuri, chembe zikikua sana ukija kubonyeza uso unatoka vipele kama ganda la chungwa na hutaung'arisha ukapona.

Wa pili ndo unaokosa wewe. Ni moto mdogo, digrii 250 mpaka 300, saa nzima, na unapigwa MWISHO kazi ikishaisha kubonyezwa. Huu unatoa mkazo lakini ugumu unabaki. Kitako cha karabai kinabeba presha bwana, ukikimalizia na ule moto mwekundu kinakuwa laini na siku mteja akipampu kinavimba kama andazi, halafu ndo lawama zinaanza.

Kipimajoto huna, najua. Tafuta mwenye tanuri la mikate, akishatoa mikate mpe chochote akuachie saa moja na nusu. Weka humo na vipande viwili vitatu vya chuma cha kawaida, hata misumari, uliyoisugua msasa mpaka ikang'aa. Chuma kinabadilika rangi kadri moto unavyopanda, manjano ya majani makavu ni kama 230, zambarau kama 280, bluu karibu 300. Ukiona inaelekea zambarau usiongeze kuni, shikilia hapohapo. Ila rangi inazidi kuiva na muda hata kama moto haujapanda, so kila baada ya muda ingiza msumari mpya usome upya. Saa ikiisha toa, viache vipoe vyenyewe.

Na fanya hivyo KABLA ya kutia lehemu, maana lehemu ya kawaida inayeyuka chini ya digrii 200 utakuta kazi yote imechuruzika. Vilivyokwisha pasuka peleka chakavu. Vilivyo vizima usivisubiri, vipashe wiki hii, na stoo uhamishe hata ukimaliza kupasha.

Mwangaluka fundi. Niko Isevya, Tabora. Nimechonga bushi ya brasi (pete ya kukalia shafti), nikaipasha ikawa nyekundu nikatumbukiza kwenye maji iwe ngumu kama ninavyofanya tindo. Imelegea kuliko mwanzo, kwa nini?

Mwangaluka. Kwa sababu sio tindo. Chuma cha tindo kina kaboni ndani, ukikipoza ghafla inanaswa humohumo na chuma kinakuwa kigumu. Brasi haina hiyo kitu, ugumu wake unatoka kwenye kugongwa na kuvutwa ikiwa baridi, na fimbo uliyonunua ilishavutwa kiwandani ndo maana ilikuwa ngumu, wewe umeufuta kwa mkaa wako. Maji yanadondosha magamba tu. Kuigonga tena irudi ugumu unaweza lakini vipimo vya bushi vitaondoka, chonga nyingine na usiipashe.

Halafu we mtu wa Tabora unaniuliza brasi! Hapohapo kwenu mwaka 1916 Wajerumani walikwama vitani wakagonga sarafu za heller 5 na 20 za brasi, pamoja na zile za dhahabu za rupia 15. Sarafu inataka bamba laini ndo picha iingie, likishagongwa linakuwa gumu mfukoni. Na hiyo heller ndo hela tunayoitafuta mpaka leo.

Fundi, nikiyeyusha koki chakavu unatoka moshi mweupe, usiku natetemeka kama nina malaria. Wanasema ninywe maziwa. (Ujiji)

Huo moshi ni zinki, inachemka digrii 907 na wewe unayeyushia hapohapo jirani. Homa yake mara nyingi inaisha ndani ya siku moja mbili, isipoisha au kifua kikibana nenda hospitali na uwaambie unayeyusha nini, wakupime na malaria pia. Koki nyingi zina madini ya risasi (lead) kidogo humo, na hiyo haitoki mwilini kirahisi. Yeyushia nje, upepo ukupige mgongoni, brasi ikishayeyuka usiendelee kuvuta mivukuto, na watoto wakae mbali. Maziwa kunywa kama una njaa.