Muziki wa The Twilight Zone ninaoupenda kuliko wote

Ukiniuliza ni muziki upi wa okestra ulio bora katika The Twilight Zone, tamthilia ya televisheni ya Marekani yenye hadithi za ajabu, mimi bila kusita nataja ule ambao Bernard Herrmann aliutungia kipindi cha "Walking Distance" cha mwaka 1959. Hadithi yenyewe ni ya mfanyakazi wa matangazo ya biashara, aliyechoshwa na maisha ya mjini, ambaye anatembea hadi mji aliokulia na kujikuta amerudi katika siku za utoto wake. Herrmann alitumia ala za nyuzi na kinubi tu, pasipo tarumbeta wala ngoma, na nyuzi hizo zinapanda taratibu, zinasita, kisha zinashuka kama mtu anayeaga nyumba ambayo hataingia tena. Kila nikisikiliza, koo hunikaba.

Baada ya huo naweka muziki wa Jerry Goldsmith wa kipindi cha "The Invaders" cha mwaka 1961, kwa kuwa karibu kipindi kizima hakina maneno na muziki ndio unaobeba hofu yote ya mhusika mkuu, mwanamke aliye peke yake.

Tafadhali usiichanganye kazi hiyo ya Herrmann na ule wimbo wa ufunguzi wenye gitaa linalorudiarudia, ambao wengi wanaukumbuka: huo ni wa Marius Constant na ulianza kutumika katika msimu wa pili, ilhali ufunguzi wa msimu wa kwanza, ulio mzito na wa kiza zaidi, ni wa Herrmann mwenyewe.