Kanda ngumu, kanda laini: je, mwanangu alionewa?

SWALI: Salamu, Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Lubumbashi, sasa niko Dayton, Ohio, mwaka wa nane. Kijana wangu wa kwanza anacheza mieleka shuleni, uzito wa pauni 132. Msimu huu alishika nafasi ya tano kwenye mashindano ya kanda, na wanaokwenda fainali za jimbo kule Columbus ni wanne tu. Akabaki nyumbani. Kinachoniuma ni hiki: kuna mtoto wa kanda nyingine ambaye kijana wangu alimshinda Desemba, 5–4. Huyo akawa wa nne kwao, akaenda Columbus, akarudi na medali ya nafasi ya nane. Kocha anasema kanda yetu ndiyo ngumu kuliko zote. Ni kweli, au ananipoza tu? Kuna hesabu ya kuonyesha hilo?
Baba wa Pauni 132, Dayton

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Nafasi ya tano naijua. Nimekaa misimu minne kwenye meza ya waamuzi nikiwa mzazi wa kujitolea, kazi yangu ikiwa kumgusa refa kwa taulo lililoviringishwa na kufungwa gundi kila dakika mbili zinapokwisha, maana kelele za ukumbini humfanya asisikie kengele. Nimewaona watoto wa nafasi ya tano kwa karibu. Mtoto anashinda pambano lake la mwisho, refa anamnyanyua mkono, watu wanapiga makofi, halafu anaketi chini kufungua viatu na msimu umekwisha.

Kwa wasiojua mambo ya Ohio: shule zimegawanywa madaraja matatu kwa idadi ya wanafunzi, na kila daraja lina kanda nne. Kwa wavulana uzito uko wa aina 14, kuanzia pauni 106 hadi 285. Katika kila uzito, kila kanda inapeleka wanne, hivyo Columbus wanafika 16, na wanane kati yao hupata medali. Kanda iwe kali au legelege, nafasi zake ni nne. Malalamiko yote yanazaliwa hapo.

Sasa tuchukue karatasi. Medali nane mara uzito 14 ni medali 112. Kama kanda zote nne zingekuwa sawa, kila moja ingetarajia 28. Kocha wako pengine atakuambia, “Sisi tulichukua 33!” Swali la kuuliza ni je, bahati peke yake inaweza kuisogeza 28 mpaka wapi? Nimepiga hesabu: kwa kanda zilizo sawa kabisa, mwaka wa kawaida unaweza kuangukia popote kati ya 22 na 34 hivi. Kwa hiyo hizo 33 ni furaha, ila ushahidi bado. Ukiniletea 33 kila mwaka kwa miaka minne mfululizo, hapo nitakaa sawa kwenye kiti.

Kuhesabu mabingwa ni kubaya zaidi, na hili nalisema kwa aibu. Mwaka mmoja niliwatumia wazazi wenzangu jedwali langu: kanda yetu mabingwa sita kati ya 14! Nikajiona profesa. Mke wangu, ambaye ni mhasibu na mieleka haimhusu kabisa, akaangalia akauliza, “Hawa sita, wangapi ni wa shule moja?” Walikuwa watatu. Yaani nilikuwa nimepima ukumbi mmoja wa mazoezi nikaubandika jina la kanda. Halafu nikarudi kwenye hesabu: hata kanda zikiwa sawa, miaka kama minne katika kila kumi itatokea kanda mojawapo yenye mabingwa sita au zaidi, kwa bahati tu. Kila mwaka wa namna hiyo kuna kocha anajipiga kifua.

Ugumu wa kanda hauonekani kwa bingwa wake. Bingwa ni bingwa popote. Mimi huwaangalia wale wa nne, kwa sababu wao ndio sakafu ya kanda, na aliye chini yao, yaani mwanao, alikaribiana nao. Mzunguko wa kwanza Columbus, wa nne hukutana na bingwa wa kanda nyingine. Kwa uzito 14, kila kanda inacheza mapambano 14 ya aina hiyo kwa mwaka, na kwa miaka mitatu 42. Tuseme wa nne wa kanda fulani wameshinda 12 kati ya 42, na wa kanda nyingine wameshinda manne. Hapo kuna jambo la kuzungumza.

Lakini kuna mtego ambao ulinichukua muda kuuona. Wa nne wenu hakutanishwi na bingwa wenu katika mzunguko huo. Kama mabingwa wa kanda yenu ndio wakali kuliko wote, basi wa nne wenu wanawakwepa, wakati wa nne wa kanda nyingine wanaangukia mikononi mwao. Kanda ngumu inajipunguzia kazi yenyewe, na jedwali litaitia chumvi nguvu yake. Dawa ni kufuatilia na mapambano ya baadaye, upande wa waliokwisha kupoteza moja, ambako watu wa kanda zote huchanganyika.

Wewe ni mtu wa Lubumbashi, basi nikukumbushe jambo linaloniuma na mimi. Kwenye soka, Aprili 2019 Mazembe waliitoa Simba yetu robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, 4–1 pale kwenu baada ya sare tasa Dar es Salaam. Hata hivyo safari ile ya Simba iliipatia Tanzania nafasi za klabu nne kwenye mashindano ya Afrika msimu uliofuata. Tukatamba. Agosti hiyohiyo Simba wakatolewa na UD Songo ya Msumbiji hata kabla ya makundi! Ndiyo maana CAF, shirikisho la soka la Afrika, wakigawa nafasi hizo hawaangalii mwaka mmoja, wanachukua mitano, na wa karibuni unapewa uzito zaidi. Mieleka ya vyuo vikuu vya Marekani nayo haigawi sawa: nafasi 33 za kila uzito kwenye fainali za taifa hazitolewi kwa idadi ileile kwa kila ligi, na hubadilika kila mwaka na kila uzito. Shule za Ohio zingeweza kufanya hivyo. Mimi ningeunga mkono, ingawa naona ugomvi wake kwa mbali: kanda ipi itakubali kuambiwa wewe peleka wawili?

Kuhusu ule ushindi wa Desemba, usiushike sana. Kuna mfumo wa Arpad Elo, mwalimu wa fizikia aliyeutunga kwa ajili ya chesi. Kwa mfumo huo, mchezaji anayemzidi mwenzake kwa pointi 100 anatarajiwa kushinda 64 tu katika kila 100. Maana yake aliye dhaifu kidogo huondoka na 36. Pambano moja la 5–4 linaweza kuwa mojawapo ya hizo 36, na linaweza lisiwe. Afadhali uorodheshe wapinzani wote ambao watoto hawa wawili wamekutana nao msimu mzima, uone nani aliwalaza chali na nani alishinda kwa pointi moja.

Na neno “kanda” lenyewe ni pana mno kwa shida yako. Kanda inaweza kuwa moto kwenye pauni 132 na majivu kwenye 285. Shule zenyewe huhamishwa kutoka daraja hadi daraja wanafunzi wakiongezeka au kupungua, kwa hiyo kanda ya mwaka huu si lazima iwe ile ya miaka mitatu iliyopita.

Kwa hiyo naomba uniandikie jambo moja. Wale wanne waliomtangulia mwanao kwenye kanda, waliishia nafasi ya ngapi Columbus? Majina sihitaji. Wakiwa watatu wamepata medali, sitashangaa, kwa kanda zilizo sawa hilo hutokea mara kwa mara. Wakiwa wanne wote wamepata, bahati tupu huleta hivyo kama mara moja katika 26, na hapo kocha wako nitamsikiliza.