Ukienda Polynesia kwa meli, usilipie ufukwe

Kila nikitaja kwamba nimezunguka visiwa vya Polynesia ya Kifaransa, kule katikati ya Bahari ya Pasifiki, kwa meli, swali la kwanza huwa kisiwa cha Bora Bora. Ulilala kwenye vile vibanda vya juu ya maji? Sikulala. Bora Bora nimeiona, ni nzuri, sina neno nayo. Ila mimi ni mtu wa Pangani, na wewe unayesoma haya ukiwa Lamu, Mafia, Kilwa au Makunduchi una mchanga, minazi na maji ya kijani mlangoni kwako tangu uzaliwe. Uvuke nusu ya dunia, kwa nauli ile, ukalale chali ufukweni? Hapana jamani.

Cha kulipia kule ni watu na historia yao. Hawa ni wajukuu wa mabaharia walioifikia Hawaii upande wa kaskazini, Rapa Nui (Kisiwa cha Pasaka) upande wa mashariki na New Zealand upande wa kusini, kwa mitumbwi ya tanga, bila dira wala ramani ya karatasi. Walisoma nyota, walisikiliza mkondo wa mawimbi chini ya chombo, waliwafuata ndege wanaorudi nchi kavu jioni. Na bado wapo, wanachonga, wanapiga makasia, wanajichora tatuu za mababu zao. Ukishakubali kwamba hilo ndilo unalolifuata, kuchagua meli kunakuwa kazi nyepesi.

Ziko za aina tatu hivi. Kuna majumba yanayoelea, yanayotoka pwani ya magharibi ya Marekani au Hawaii. Hayo yatakupa siku nyingi za maji matupu na saa chache za nchi kavu, na ukishuka mnashuka watu elfu mbili kwenye kijiji kimoja. Bora Bora wenyewe walichoka, wakaweka kikomo cha abiria 1,200 wa meli za kitalii kwa siku. Kuna za kati, za abiria mia tatu na kitu, zenye makao Papeete, mji mkuu ulio Tahiti. Hizo huzunguka Visiwa vya Society: Moorea, Huahine, Raiatea, Taha'a, Bora Bora. Kwa mwenye wazee au watoto ndizo ningemshauri, maana bahari ya ndani ya miamba imetulia. Halafu kuna Aranui 5, na hii ndiyo nitakayoizungumzia kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyonikuna.

Aranui 5 ni nusu ya mizigo, nusu ya abiria. Mbele kuna kreni na makontena, nyuma kuna vyumba, bwawa dogo na ukumbi wa chakula. Inatoka Papeete, inapita visiwa vya matumbawe vya Tuamotu, kisha inakwenda mpaka visiwa vya Marquesas, kama kilomita 1,400 kaskazini mashariki. Safari yake ya kawaida ni siku 12. Asiye na uwezo wa chumba cha peke yake anaweza kukata kitanda kwenye bweni, na usione haya. Chumbani unalala tu. Mchana wote uko nje.

Uzuri wake ni kwamba visiwa vile vinaihitaji. Haiendi kuonyesha wageni kijiji. Inapeleka saruji, mafuta, friji, magari na soda, na wewe umedandia. Ikitia nanga, gati linajaa watu waliofuata mizigo yao, na hakuna anayekuchezea ngoma ya kulazimishwa. Tukiwa Ua Pou, kimoja cha visiwa vya Marquesas, nilikuwa nimesimama dekini naangalia mabaharia wakipakia, miili yao imejaa tatuu kuanzia shingoni, harufu ikanifikia kabla sijayaona magunia. Mbata! Ile harufu nzito ya nazi iliyokaushwa, inayokaa kwenye nguo mpaka ufue mara mbili. Serikali yao inalipa ruzuku ili wakulima wa visiwa vya mbali waendelee kukausha, na meli inaibeba hadi kiwanda cha mafuta Papeete. Kwa mtu aliyekulia Pangani, nusu saa ile ilitosha kurudisha nauli.

Kwa hiyo unapoletewa kipeperushi chochote cha meli, ruka picha za bwawa na muziki. Uliza mambo mawili: inakaa saa ngapi kila kisiwa, na nani anatutembeza huko, mtu wa kijiji au mfanyakazi wa meli? Wakijibu kwa kuzungukazunguka, tafuta nyingine.

Soma kidogo kabla hujaondoka, maana mawe hayajielezi. Mfano ni Taputapuātea, kule Raiatea, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2017. Ukifika hujui kitu utaona uwanja wa mawe meusi, vibao vya matumbawe vimesimamishwa wima, na bahari. Utapiga picha na kuuliza basi linaondoka saa ngapi. Lakini hapo ndipo palipokuwa kitovu cha dini na safari za Wapolynesia wa mashariki. Makuhani na machifu walikuja kwa mitumbwi kutoka visiwa vya mbali, na mawe ya hapo yalichukuliwa kwenda kuanzishia viwanja vingine vya ibada, vinavyoitwa marae. Raiatea ndiko alikozaliwa Tupaia, kuhani na nahodha aliyepanda meli ya Kapteni Cook mwaka 1769 na kumchorea Mwingereza yule ramani ya visiwa kutoka kichwani mwake. Alifariki Batavia, Jakarta ya leo, mwaka uliofuata. Wazungu waliendelea kubisha kwa miaka mingi kwamba watu hawa walipeperushwa tu na upepo, mpaka mwaka 1976 mtumbwi wa Hōkūleʻa ulipotoka Hawaii ukafika Tahiti bila vyombo vya kisasa, ukiongozwa na Mau Piailug wa Satawal, kisiwa kidogo cha Mikronesia.

Ukiwa kwenye marae usikanyage jukwaa la mawe lililo mwisho wa uwanja, usikalie jiwe kupumzika, na usiondoke na kokoto hata moja. Tusingependa mtu aje kukalia makaburi ya masharifu wetu ale andazi.

Lingine la kutazama kwa makini ni mitumbwi yao, va'a. Ina tengo moja tu, upande mmoja, wakati ngalawa zetu zina matengo mawili. Wataalamu wa vyombo wanaihusisha ngalawa na mabaharia wa Kiaustronesia, watu wenye asili ya visiwa vya Asia, waliovuka Bahari ya Hindi mpaka Madagaska, na Wapolynesia ni wa ukoo huohuo uliokwenda upande wa pili. Mzee mmoja wa kisiwa cha Tahuata, Marquesas, nilimwonyesha picha ya ngalawa kwenye simu. Aliivuta karibu, akaikuza kwa vidole, akachunguza fundo za kamba zinazofunga miti ya matengo, picha nyingine zote hakujisumbua nazo. Kama una picha za vyombo vya kwenu, ziweke kwenye simu. Kwa wazee zinafungua mazungumzo kuliko Kifaransa cha kubabaisha.

Hukohuko Tahuata, kijiji cha Hapatoni, akina mama walikuwa wanaandaa samaki mbichi wa nazi. Mmoja amekalia kigoda chenye meno ya chuma mbele, anakuna. Mbuzi, ileile! Nikaomba zamu kwa ishara, akanipisha huku akicheka. Nilipokuna nyama nyeupe tu, nikizungusha kifuu bila kugusa ile ngozi ya kahawia inayochafua tui, akawaita wenzake waje kuona. Kisha likakamuliwa tui la kwanza, zito, likamwagwa juu ya vipande vya jodari vilivyokwisha kulowekwa kwenye ndimu, pamoja na matango na vitunguu. Usiogope kwamba ni mbichi. Kula.

Chakula kingine utakijua: mashelisheli, magimbi, ndizi, mihogo, na huko Marquesas mbuzi wa kupikwa kwa tui. Ila Waislamu wenzangu sikilizeni. Karamu kubwa hupikwa kwenye shimo la mawe ya moto lililofunikwa majani, na humo nguruwe hukaa pamoja na shelisheli na ndizi, mafuta yanachuruzika. Ukichukua ndizi pekee hujajinusuru. Waandikie wenye meli mapema kwamba unakula samaki na mboga, na ukifika kijijini mkumbushe kiongozi. Sikupata usumbufu wowote, samaki wamejaa.

Na kibla! Hili sikuliona limeandikwa popote kabla ya safari. Ukichoma sindano ardhini Makka ikatokea upande wa pili wa dunia, itatokea baharini karibu na Tematagi, kisiwa kidogo cha Tuamotu. Maana yake mnasafiri pembeni ya sehemu iliyo mbali na Makka kuliko zote, na kibla kinageuka kadiri meli inavyokwenda. Papeete unaelekea magharibi na kidogo kaskazini. Fakarava, kule Tuamotu, ni kaskazini magharibi. Nuku Hiva, kule Marquesas, ni kaskazini kamili. Programu ya simu inafanya kazi, lakini iangalie upya kila bandari, na usishangae mshale ukikimbia.

Marquesas si mahali pa maji tulivu. Hakuna miamba ya matumbawe inayovizunguka visiwa, kwa hiyo mawimbi ya bahari kuu yanapiga moja kwa moja kwenye majabali. Sehemu kama Fatu Hiva unashuka kwa boti ndogo inayopanda na kushuka, na mabaharia wawili wanakushika mikono wanakurusha gatini kwa wakati wake. Mwenye magoti mabovu afikirie mara mbili. Dawa ya kichefuchefu inywe kabla, si baada. Mume wangu ni shahidi. Kuna pia visubi wadogo wanaoitwa nono. Hawaumi kwa kelele kama mbu, unagundua usiku unapojikuna. Kanga ya kufunika miguu na mafuta ya nazi yamenisaidia kuliko dawa za dukani. Kwenye visiwa vya matumbawe usiingie majini bila viatu, samaki mawe wapo kama kwetu.

Mwongozaji atakupeleka Hiva Oa kwenye kaburi la mchoraji Paul Gauguin, aliyefariki hapo mwaka 1903. Nenda kama utapenda. Mimi sikukaa sana. Mtu mzima aliyejitwalia wasichana wadogo wa kisiwani sioni kwa nini tumwekee maua. Afadhali muda huo uutumie Puamau, kisiwa hichohicho, ambako sanamu ya mawe ya Takaii imesimama ikimpita mtu mzima kimo. Ujue pia kwa nini misitu ya Nuku Hiva imejaa misingi ya nyumba za mawe zisizo na watu: kabla ya Wazungu Marquesas ilikuwa na makumi ya maelfu ya wakazi, magonjwa yakawafyeka, ikiwemo ndui ya 1863 iliyoletwa na meli kutoka Peru, na kufikia miaka ya 1920 walibaki kama 2,000. Ukilijua hilo, tatuu za mabaharia huzitazami tena kama mapambo. Mwaka 2024 UNESCO iliingiza visiwa hivi pia kwenye Urithi wa Dunia.

Na ukirudi Papeete, kabla ya kukimbilia lulu nyeusi, tembea ufukweni mpaka kwenye ukumbusho wa majaribio ya nyuklia. Ufaransa ililipua mabomu 193 katika visiwa vya Moruroa na Fangataufa kati ya 1966 na 1996. Vipeperushi vya meli havigusi habari hiyo.

Sasa karatasi. Visa ya Schengen ya kawaida, ile ya nchi za Ulaya, haikuingizi. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya aombe visa ya Kifaransa iliyoandikwa wazi kwamba ni ya Polynesia ya Kifaransa. Ukipitia Los Angeles au San Francisco utahitaji na visa ya Marekani, hata kama ni kubadilisha ndege tu. Wengi hukwama hapo, hivyo anza na hilo kabla ya kulipa meli. Kadi ya homa ya manjano ibebe. Fedha ni faranga ya Pasifiki, iliyofungwa kwa euro: euro 1 ni faranga 119.33. Vijijini beba taslimu, na usipatane bei na wachongaji, si desturi yao. Ukitaka kupiga simu nyumbani, kumbuka saa sita mchana Dar ni saa tano usiku wa jana Papeete, na Marquesas wameongeza nusu saa yao juu yake.

Mei hadi Oktoba ni kipindi cha ukavu. Julai kuna Heiva, mashindano ya ngoma, nyimbo na makasia pale Papeete, kwa hiyo vyumba vinajaa mapema. Na bima yako iwe inalipia kusafirishwa mgonjwa kwa dharura: hospitali kubwa iko Tahiti, na Fatu Hiva na Tahuata hazina uwanja wa ndege.