Mtoto akikuuliza uhai ulianzaje

Ami yangu ni fundi wa madau Nungwi. Utotoni nilimshikia misumari anapounda chombo, mkuku kwanza, kisha mbao na mataruma, mwisho pamba ya kukalifati. Nilipoanza kusomesha baiolojia skuli ya sekondari, hoja ilikuwa tayari mdomoni: dau halijiundi, basi na seli haikujiunda. Wanafunzi wakaitikia, nami nikaridhika.

Nikapenda zaidi mfano wa mkia wa bakteria, ulioenezwa na Michael Behe, mwanabaiokemia wa Marekani, mwaka 1996. Mkia ule huzungushwa na mota hasa, yenye rota na ekseli, inayokwenda kwa nguvu ya protoni, chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, zinazopenya kwenye utando, mamia ya mizunguko kwa sekunde. Behe alisema ukiondoa kipande kimoja kazi yote husimama, kwa hiyo isingeweza kujengeka kidogo kidogo.

Siku moja mwanafunzi wa kidato cha tatu, ambaye mamaake huvua pweza maji yakitoka, akaleta kichwa cha pweza darasani. Tukapasua jicho. Mishipa ya fahamu ya pweza hutokea nyuma ya retina, yaani utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga. Ya kwetu sisi hupita mbele yake, kisha huitoboa ili itoke, na pale inapotokea hatuoni kitu. Jaribu: chora alama mbili zilizoachana sentimita 8, ziba jicho la kushoto, kodolea ya kushoto kwa jicho la kulia, karatasi ikiwa kama sentimita 30 mbali. Isogeze taratibu, ile ya kulia itapotea.

Msichana akauliza, "Maalim, kama tunapima ufundi, mbona pweza kapewa jicho lisilo na doa, sisi tukapewa lenye doa?"

Nilimwambia akae chini, asilete maneno ya kukufuru.

Hakukufuru. Aliifuata hoja yangu mwenyewe mpaka ilipofika.

Kwa hiyo, mzazi au mwalimu mwenzangu, nakuomba usiifunge imani ya mtoto kwenye kitu ambacho sayansi haijakieleza, kwani kikielezwa kesho utamwacha na nini? Ule mkia wenyewe, wataalamu walionyesha kwamba sehemu ya shina lake inafanana na sindano ambayo bakteria wa tauni hudungia sumu kwenye seli. Vipande ni vichache zaidi, kazi ni nyingine, na inafanya kazi. Nilipolisoma hilo nilikumbuka kiwanja cha ami, ambapo taruma la jahazi kuukuu sasa ni kizingiti cha banda. Desemba 2005, katika kesi ya mji wa Dover, Pennsylvania, Marekani, kuhusu kinachofundishwa skuli katika baiolojia, ambako Behe mwenyewe alitoa ushahidi, jaji John Jones aliamua kuwa hoja hii ya usanifu, kwamba viumbe lazima viliundwa na msanifu, si sayansi.

Tena tenganisha maswali mawili, maana hapa watu wengi huyachanganya, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mageuko, yaani viumbe kubadilika kidogo kidogo kizazi hata kizazi, yanaeleza viumbe ambavyo tayari vinazaa. Dau halizai, ndiyo maana mfano wa ami haufiki huko. Uhai wa kwanza ulitokeaje ni swali jingine. Mwaka 1953 Stanley Miller, mwanafunzi wa Harold Urey huko Chicago, alitangaza matokeo ya jaribio lake: alitia maji, methani, amonia na haidrojeni kwenye chupa, akapitisha cheche za umeme kwa siku kadhaa, akapata asidi za amino, ambazo ndizo zinazojenga protini za mwili. Hayo ni matofali tu, nyumba bado. Baadaye wengi waliona hewa ya dunia changa haikuwa na mchanganyiko ule. Mwambie mtoto hivyo hivyo, kwamba bado wanatafuta, na umwambie kwa uso mkunjufu.

Mimi naamini Mwenyezi Mungu ndiye Muumba, msikitini na maabara. Ila siliandiki hilo ubaoni kama jibu la pengo.

Yule msichana nilimwomba radhi wiki iliyofuata, mbele ya wenzake. Nawe ukitaka kulifanya somo hili, kichukue kichwa cha pweza kabla hajapigwa jiweni, tumia wembe mpya, na ukate jicho kwa pembeni. Lenzi itatoka nzima, ya mviringo kama ushanga.