Re: Video hazipati watazamaji, ninunue wafuasi?
Mkuu, hapo kwenye kununua wafuasi usithubutu. Hawatazami video zako, na YouTube huwafuta ikiwagundua. Ingia YouTube Studio (sehemu ya kusimamia chaneli yako), fungua grafu inayoonyesha watu wanaachia video wapi. Kwa chaneli changa, mara nyingi mstari unaporomoka ndani ya sekunde 30 za mwanzo: pale unaposalimia, unajitambulisha na kuomba watu wasabskraibu kabla hujawapa chochote. Kata yote hayo. Kama unafundisha kubadilisha kioo cha simu, anza simu ikiwa imeshafunguliwa mezani, bisibisi mkononi. Picha ya jalada ya video (thumbnail) iwekee maneno machache, yasomeke kwenye simu ndogo. Habari za wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ili ulipwe matangazo, ziache kwanza.