Pointa za ptr kwenye IDL: zipi zigeuzwe?

SWALI: Faili letu la IDL (lugha ya kueleza kiolesura) la RPC ya Windows (kuita kazi za programu iliyo mchakato au kompyuta nyingine) limejaa pointa za ptr, yaani pointa kamili. Nikizigeuza zote kuwa ref, kuna ubaya?

JIBU: Zote, usithubutu. Ref ni aina ya pointa isiyokubali kuwa tupu (NULL). Ukipitisha NULL utarudishiwa kosa namba 1780. Iweke penye kigezo (parameta) cha lazima tu. Ikiwa ngazi ya juu, yaani pointa ya kigezo chenyewe, si iliyo ndani ya muundo, haichukui hata baiti moja ya kitambulisho kwenye mtandao, ilhali unique, aina inayokubali kuwa tupu, hubeba baiti 4 (8 kwa NDR64, umbizo la biti 64 la kupanga data ya RPC).

Panapoweza kuwa tupu, mfano next ya orodha-mnyororo, weka unique. Hapa ndipo wengi huumia: unique haitambui pointa mbili zinazoelekea mahali pamoja. Seva hupata nakala mbili, ukibadilisha moja nyingine haina habari. Orodha inayojizungusha ndiyo balaa, kwani humaliza steki. Hizo ziache na ptr, ambayo hutambua pointa za mahali pamoja, au bora zaidi, tumia namba za nafasi ndani ya safu.

Kigezo cha out pekee (kinachorudisha data tu kutoka seva) lazima kiwe ref. Na pointer_default, sifa inayoweka aina ya pointa zisizotajwa aina, haigusi pointa za ngazi ya juu kwenye vigezo: usipoandika kitu, hizo ni ref.

Pointa ya ngazi ya juu ikigeuzwa kuwa ref, umbo la data hubadilika. Pandisha namba ya toleo kuu, kisha kompaili upya upande wa seva na wa mteja.