Je, Hekima "aliumbwa"?

SWALI: Mhariri mpendwa, katika kikundi chetu cha kujifunza Biblia hapa Nyalenda, Kisumu, tulifika Mithali 8:22, ambapo Hekima anajisemea mwenyewe, tukagawanyika. Wenye Biblia ya Union walisoma kwamba Bwana "alikuwa nami", ilhali mama mmoja mwenye Habari Njema alisoma "aliniumba". Mzee wetu alisema kwamba Wakristo wa kwanza waliyamaliza mabishano hayo zamani. Je, waliisoma Biblia ilivyo, au walitafuta humo walichokwisha kukiamini? – Msomaji, Kisumu.

JIBU: Mzee wenu amesema kweli kwamba mabishano hayo ni ya kale, ingawa nyinyi wenyewe ni ushahidi kwamba hayajaisha. Katika karne ya 2, Justino Shahidi, mwandishi Mkristo, aliunukuu mstari huo bila wasiwasi wowote ili kuonyesha kwamba Mwana alizaliwa na Baba kabla ya viumbe vyote. Neno "aliniumba", lililokuwamo katika tafsiri ya Kigiriki aliyoitumia, halikumsumbua, kwa sababu swali la kulifanya lisumbue lilikuwa bado halijaulizwa kwa ukali.

Aliyeuliza kwa ukali ni Ario, kasisi wa Alexandria, mwanzoni mwa karne ya 4. Kwake yeye Mungu ni mmoja asiye na chanzo, na kila kisichokuwa yeye kimeumbwa, hata Mwana. Kwa hiyo "aliniumba" likawa neno lililo wazi kuliko yote, na maneno kama yale ya Yohana 1:1 yakapaswa kueleweka kwa kulifuata. Athanasio, aliyekuja kuwa askofu wa Alexandria, alianzia upande wa pili. Kanisa lilikuwa likimwabudu Kristo na kubatiza kwa jina lake, na kiumbe haabudiwi. Basi lililo wazi ni Yohana, na Mithali ndiyo inayohitaji ufafanuzi. Akaeleza kwamba "aliniumba" lahusu mwili ambao Mwana aliutwaa, na kwamba mstari wa 25, unaotaja kuzaliwa, ndio unaohusu uungu wake. Nakiri kwamba ufafanuzi huo, kwa macho yangu, unaulemea mstari wenyewe, maana unazungumza habari za kabla ya milima kuwekwa.

Eusebio, askofu wa Kaisaria, alipita njia niipendayo zaidi: aliwarudisha wasomaji kwenye Kiebrania, ambako kitenzi kilichotumika ni kile kile cha Hawa katika Mwanzo 4:1 anaposema amepata mtoto mwanamume. Baadaye msomi Jerome, alipoitafsiri Biblia kwa Kilatini, aliandika kwamba Bwana "alinimiliki". Mama yenu hajakosea, basi, wala wenzake hawajakosea, kwa kuwa kitenzi hicho kina upana wa maana na kila mfasiri hulazimika kuchagua.

Jambo ambalo wengi hulipita ni kwamba Ario na Athanasio walikubaliana kuwa Hekima anayesema hapo ni Kristo, kama Paulo anavyomwita katika 1 Wakorintho 1:24. Imani ilikuwa imeshaamua hilo kabla ya ugomvi kuanza. Myahudi aliyesoma sura hiyo hiyo hakuwa na sababu ya kumwona Kristo humo.

Kwa hiyo, ndiyo, waliisoma kwa imani waliyokuwa nayo, na hawakuificha. Irenayo, askofu wa Lyon, mnamo mwaka 180 alisema kwamba wanaoyapotosha Maandiko hufanana na mtu anayevunja picha ya mfalme iliyopambwa kwa vito, kisha akavipanga vito vile vile vikawa picha ya mbweha. Anayeijua kanuni ya imani, yaani muhtasari wa mafundisho aliyoupokea katika ubatizo, huutambua udanganyifu. Hata maaskofu waliokutana Nikea mwaka 325 kuamua ugomvi wa Ario walilazimika kutumia neno lisilokuwamo katika Biblia, "wa asili moja na Baba", kwa sababu kila neno la Biblia waliloliweka mezani, wafuasi wa Ario waliweza kulikubali kwa maana yao wenyewe. Jambo hili si geni kwetu: Waquaker (Kanisa la Marafiki) wa Kaimosi husoma agizo la kubatiza katika Mathayo 28:19 sawa na jirani zao Waanglikana, lakini hawabatizi kwa maji, kwani ubatizo wanaouamini ni wa Roho.

Mkikutana tena, someni sura yote ya 8 kwa tafsiri zote mbili, kisha mwulize kila mmoja aseme ni mstari upi anaouona kuwa wazi kuliko mingine, na kwa nini.